Mtandio wa Mashine Namba Nne

Mkono wa Davis Mligo, msomaji wangu, uko pale pale ulipouacha Jumamosi iliyopita: juu ya kipanya cha mashine namba nne. Na hatua za mtu zinaukaribia mlango wa duka.

Mbele yake uko ule ujumbe aliouchokonoa kwenye sanduku la barua pepe la mkewe. Mistari miwili tu.

*Mzitu huu ni wetu wawili, Loyce, na tutautunza. Mumeo asijue mpaka siku ifike.*

Chini, jina moja: *Mgosi.*

Davis alikuwa ameusoma mara tisa, na kila mara aliona jambo lile lile. Mzito. Mja mzito. Mkewe ana mimba ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hata kuandika hajui, ameweka *u* mahali pa *o*.

Hatua zikafika mlangoni. Davis akazima kioo.

Aliyeingia hakuwa Loyce. Alikuwa Mwanamisi, mama anayeuza peasi na karoti barazani pa duka, kikapu mkononi.

"Shikamoo, Mama Kassimu."

"Marahaba. Onga maundo."

Davis akalisogeza daftari la wateja mezani.

"Itikia, baba. Sema *niwedi*. Miaka minane umeoa kwetu, salamu moja ya Kishambaa inakushinda?"

"Leo sina nafasi ya salamu, mama."

"Naona. Umekaa kama mtu aliyemeza kokwa la parachichi. Mwenzako yuko wapi? Nataka aniandikie barua kwa Kassimu."

"Ameniaga anakwenda sokoni."

"Sokoni?" Mwanamisi akaweka kikapu begani. "Mimi nimemwacha stendi. Anaulizia basi la Bumbuli litaingia saa ngapi."

Akatoka zake, hajui amewasha nini.

Davis alibaki amekaa. Basi la Bumbuli. Mtu hasubiri basi bila kumsubiri aliyemo.

Ni lazima ujue, kama hukutufuata toka mwanzo, kwamba Davis hakuwa Msambaa. Baba yake alitoka Njombe kuja kuchuma chai, naye alizaliwa kwenye nyumba za mstari za shambani, akakulia katika Kiswahili cha watu wa makabila kumi. Loyce alikuwa binti wa Mgwashi. Walipofungua duka lao la intaneti hapa Lushoto, katika siku hizi ambapo mwenye shilingi na ujasiri anaweza kufungua chochote, wateja walikuja wakiongea Kishambaa na Loyce, wakacheka naye kwa Kishambaa, na kila kicheko ambacho Davis hakukielewa alikihesabu kuwa kimemlenga yeye.

Alikuwa na wivu na lugha nzima. Sasa amepata mtu wa kumtwika wivu huo.

Akawasha kioo tena. Katika sanduku lile kulikuwa na ujumbe wa pili, wa siku tatu nyuma, kutoka kwa mtu asiye na jina.

*Mgosi, ninazo picha zako ukiwa na mke wa mtu. Bofya hapa uzione, kabla sijazipeleka kwa mumewe.*

Damu ikampanda hadi masikioni. Mumewe ni yeye. Picha ni haki yake.

Akabofya. Ukurasa ukakataa kufunguka. Akabofya tena, ukakataa tena, na pembeni ya kioo kikawaka kile kialama cha kijani ambacho Loyce alikiita mtandio.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo kisa chote kilipofungwa. Kile chombo cha kompyuta kinachofungulia kurasa za intaneti, ambacho Kiswahili chake sasa ni kivinjari, hakiendi mahali kimyakimya. Kila ukurasa unaoufungua huiona namba ya ulikotoka, kama vile bahasha iliyoandikwa anwani ya mtumaji mgongoni. Na mashine namba nne, peke yake kati ya nne za duka, ilikuwa imeongezewa kifaa kidogo cha kuificha namba hiyo. Barua zake zilizungushwa kwanza Uholanzi, na aliyezipokea aliiona namba ya Uholanzi. Tena kifaa hicho kiliziba zile hila ndogondogo ambazo kurasa fulani hutumia kuiuliza kompyuta, chini kwa chini, namba yake ya kweli, na kurasa za hila hizo hazikufunguka kabisa. Mtandio hasa: ukiteleza kidogo upande mmoja, nywele zinaonekana.

Davis aliwahi kumuuliza mkewe, "Unamficha nani uso wako humo ndani?"

"Wezi," Loyce alijibu, akaendelea kuandika.

Sasa alijua ni wezi gani. Akaingia kwenye orodha ya nyongeza za kivinjari, akaukuta mtandio, akabofya *Ondoa*. Mashine ikamuuliza kama ana hakika.

Davis alikuwa na hakika.

Kialama cha kijani kikafutika. Akabofya picha kwa mara ya tatu, na safari hii ukurasa ulifunguka mara moja, kana kwamba ulikuwa unamsubiri nyuma ya mlango. Ulikuwa mweupe mtupu. Hapakuwa na picha. Katikati palikuwa na neno moja kwa herufi kubwa.

ASANTE.

Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro dakika nane.

*

Loyce alirudi saa sita na nusu, khanga mabegani, kikapu kitupu. Davis alikuwa ameshawatoa wateja na kuurudisha mlango.

"Ulikwenda wapi?"

"Nilikuaga. Sokoni."

"Siku hizi basi la Bumbuli linaingia sokoni?"

Loyce akaweka kikapu chini polepole. "Sema unalotaka kusema, baba Elinuru."

"Ina miezi mingapi?"

"Nini?"

"Usinifanye mtoto. Mimba."

"Mimba ya nani?"

"Hilo ndilo swali langu."

Loyce alimtazama mumewe kama mtu anayetazama mashine iliyoganda. Kisha akakitazama kioo cha namba nne, akauona ujumbe uliofunguliwa, na uso wake ukabadilika.

"Umeingia kwenye barua zangu."

"Na nimekuta mimba yangu imeandikwa na mtu mwingine. 'Mzito huu ni wetu wawili.' Wawili nani? Mimi ni wa tatu?"

"Soma tena."

"Nimesoma mara tisa."

"Soma ya kumi. Hapo pana *o*?"

"Hajui kuandika."

Dirisha lilikuwa wazi, na barazani kulikuwa na masikio. Kichwa cha Mwanamisi kikachungulia.

"Mzitu, baba. *Mzitu* ni msitu. Kule kwenye miti."

Davis akakigeukia kioo, akasoma mara ya kumi.

"Unataka kumpeleka mwenzako kliniki," Mwanamisi aliendelea, mabega yakimtikisika, "nesi ampime, amwambie hongera, umebeba miti ya mikulo?"

Loyce akaanza kucheka. Alijizuia kwa khanga, khanga ikashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini, na Davis alisimama katikati ya duka lake mwenyewe akitamani sakafu ifunguke kama ukurasa ule.

"Mama Kassimu, nakuomba, hili liishie hapa," Davis alisema.

"Litaishia hapa hapa, mwanangu. Hapa na pale kwa wauza kabichi." Kichwa kikatoweka, kicheko kikabaki.

Kama kisa kingeishia hapo, Davis angefedheheka wiki moja, watu wakasahau. Lakini wivu uliokosa chakula hauendi kulala. Unatafuta sahani nyingine.

"Sawa. Msitu," alisema. "Msitu gani huo ambao mume hatakiwi kuujua?"

Loyce akafuta macho. Akalifunga dirisha.

"Wa juu ya nyumbani kwetu, Mgwashi. Wanaumaliza, Davis. Mikulo ambayo babu yangu aliikuta ikiwa mikubwa inaangushwa na kushushwa Mazinde chini ya viroba vya viazi. Vijito viwili vimekauka. Mama yangu anachota maji mwendo wa saa nzima. Zile habari zilizotoka kwenye mtandao, zenye namba za malori, za mtu anayejiita Mgosi, zimetumwa kutoka hapa. Kwenye mashine hii."

"Na wewe?"

"Yeye anaona, mimi naandika na kutuma."

"Yeye nani?"

Loyce akanyamaza kidogo. Kidogo tu, lakini Davis alikuwa mtaalamu wa kimya cha mkewe.

"Rubeni," alisema.

Msomaji wa toka mwanzo analikumbuka jina hilo. Rubeni, bwana misitu. Rubeni aliyepeleka posa Mgwashi miezi miwili kabla ya Davis, akarudishwa kwa sababu wakati ule hakuwa na kazi.

"Alikuja hapa?"

"Mara tatu. Aliporudi kwenye kozi Arusha alikuwa na mtandio kwenye flashi. Akaniwekea, akanifundisha."

"Alikaa wapi?"

"Unauliza alikaa wapi?"

"Kiti ni kimoja."

"Tulivuta cha namba tatu." Sauti ya Loyce ilikuwa imechoka. "Unaona kwa nini sikukuambia? Ningekuambia, ungeniacha nikae naye meza moja? Watu wanakata mlima mzima, wewe unahesabu viti."

"Nahesabu vyangu."

"Bwana misitu aliyemtangulia Rubeni alivunjwa miguu yote miwili, na mpaka leo aliyevunja hajulikani. Rubeni leo anashuka na kadi ya kamera. Magogo, malori, na sura ya mwenye biashara hiyo amesimama juu ya gogo. Tukishaituma hiyo, kazi imekwisha. Hiyo ndiyo 'siku ifike'. Baada ya hapo ningekueleza yote."

Davis alitaka kuamini. Lakini kile kiti cha namba tatu kilimkaa rohoni, na mtu aliyeumia hutafuta la kuumiza.

"Hodari wa kamera, bwana Rubeni. Na picha zenu wawili alipiga nani? Mbona ukurasa ule haukunionyesha?"

"Ukurasa upi?"

"Wa picha. Wa 'mke wa mtu'."

Kicheko chote kilichokuwa kimebaki usoni mwa Loyce kikaondoka. Akakiendea kioo. Akatazama ile pembe palipozoea kuwaka kijani.

"Umeutoa mtandio."

"Nilitaka kuona."

"Umeona nini?"

"Asante."

"Nakuuliza umeona nini."

"Nimekujibu. Limeandikwa *asante*. Basi."

Loyce akakaa kwenye kiti kile, mikono mapajani.

"Hakukuwa na picha, Davis. Aliyeandika hajui kama Mgosi ana mwanamke au hana. Ametupa chambo gizani, kwenye anwani ya Mgosi inayoingia kwenye barua zangu. Nimekiona siku tatu, sikukigusa. Kazi ya ukurasa ule ni moja, kuandika namba ya atakayeufungua."

"Namba ni namba. Itawaambia nini?"

"Tulipofunga dishi la intaneti, kampuni ilitupa namba yetu ya kudumu, ikaiandikisha kwa jina letu. Iko kwenye orodha ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuitazama. Ukiiandika namba ile, inatoka *Loyce Intaneti, Lushoto*. Miezi mitano nimevaa mtandio. Umenivua wewe, mbele ya Bakari Mbao."

Jina hilo halikuhitaji maelezo. Hakuna aliyepita Mazinde asiyeijua yadi ya Bakari, mbao zimepangwa mpaka usawa wa dari za watu.

"Ulifungua saa ngapi?" Loyce aliuliza.

"Saa tano kasoro."

"Kutoka Mazinde mpaka hapa ni mwendo wa saa moja na nusu."

Wote wawili wakaitazama saa. Ilikuwa saa saba kasoro robo.

Loyce akanyakua simu akampigia Rubeni. Simu haipatikani. Basi lilikuwa bado limezama katika kona za Soni, mahali ambapo mtandao huja na kuondoka kama ukungu.

"Basi linaingia saa saba," alisema. "Anashuka pale, mbele ya macho ya watu, anavuka barabara, anakuja moja kwa moja hapa. Ndivyo tulivyopanga."

"Nitakwenda kumzuia."

"Wewe?"

Nje gari lilisimama, milango miwili ikafungwa kwa pamoja, na mtu akabisha kwa adabu sana.

"Hodi hapa."

*

Bakari Mbao hakufanana na habari zake. Alikuwa mzee mfupi, msafi, kofia ya kufuma kichwani, na sauti ya mtu anayeuliza hali za watoto. Nyuma yake aliingia mtu mwembamba wa miwani, begi la kompyuta kifuani.

"Shikamoo, mzee," Davis alisema. Salamu ni salamu, hata kwa mtu huyu.

"Marahaba, mwanangu. Bibi, hujambo? Huyu ni Nathanaeli, fundi wangu wa mambo haya, kutoka Tanga. Mimi sijui hata kuwasha. Nathanaeli, waonyeshe."

Nathanaeli akakunjua karatasi. Juu yake palikuwa na namba moja ndefu yenye nukta, na chini yake saa.

"Hii ni namba ya hapa," alisema. Hakuinua macho. "Saa tano kasoro dakika nane."

"Mna daftari la wateja?" Bakari aliuliza.

Lilikuwepo, juu ya meza. Bakari akashusha kidole taratibu kwenye mistari, kama mtu anayesoma msahafu.

"Saa nne, watu wawili, wameondoka. Saa tano na nusu, mmoja. Hapa katikati hakuna mtu. Na bibi, naambiwa, asubuhi alikuwa stendi." Akainua kichwa. "Basi anabaki huyu bwana. Au mtu ambaye haandikwi daftarini."

Akalifunga daftari.

"Njoo tusemezane kiume, mwanangu."

Akamshika Davis mkono, akampeleka kwenye pembe ya dirisha. Alinukia karafuu.

"Wewe si Mgosi. Hilo liko wazi. Anayeandika zile habari ni Msambaa, anajua miti kwa jina na njia kwa miguu. Wewe ni mtoto wa shamba la chai, nimeuliza. Kuna mtu alikuja akakaa kwenye kiti chako. Sivyo?"

Davis akatupa macho stendi.

"Nimesikia na jambo jingine, nikasikitika kama mzazi. Kwamba kuna bwana misitu mmoja alitaka kumuoa huyu binti kabla yako. Na kwamba anapitapita." Mzee akashusha sauti. "Mimi sina haja na mkeo. Sina haja na duka lako. Nataka jina, hata usilitamke. Itikia kwa kichwa tu. Sitauliza tena, na wewe hutamwona tena akipita hapa."

Ndipo honi ikalia, na basi la Bumbuli likaingia stendi.

Kupitia kioo Davis aliona abiria wakishuka. Wa nne alikuwa mrefu, koti la kijani, mfuko wa ngozi umebanwa kwapani. Alishuka bila wasiwasi. Akasimama kumsaidia bibi mmoja kushusha ndoo.

Davis akageuka amtazame mkewe.

Loyce naye alikuwa amemwona. Alikuwa amesimama kando ya mashine namba nne, vidole vimeng'ang'ania ncha ya khanga, na macho yake yalimfuata yule mtu kwa namna ambayo Davis aliijua mara moja, kwa sababu katika miaka minane hakupata kutazamwa namna ile hata mara moja. Huenda yalikuwa macho ya hofu tu. Huenda. Mtu mwenye wivu hana mizani ya kupimia hofu.

Kuitikia kwa kichwa ni jambo dogo. Mtu hutikisa kichwa akifukuza nzi.

"Enhe?" Bakari alinong'ona.

Davis akaikumbuka saa tano kasoro dakika nane. Akaukumbuka mkono wake juu ya kipanya, na ile mashine iliyomuuliza kwa upole kama ana hakika. Karatasi ya Nathanaeli haikusema uongo. Iliuliza ni nani aliyekuwa kwenye kiti kile saa ile, na jibu lake lilikuwa moja.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Niliyekuwa kwenye kiti. Niliyeufungua ukurasa wenu. Ni mimi, na hakukuwa na mtu mwingine."

Bakari akacheka kidogo. Akarudi katikati ya duka. "Nathanaeli, huyu anasema ndiye Mgosi. Wewe kwenu Mlalo, ni Msambaa. Muulize kitu."

Nathanaeli akavua miwani, akaifuta kwa shati. Akauliza swali refu kwa Kishambaa, haraka haraka, na Davis hakuambulia hata neno. Loyce akafumba macho.

Nje, Rubeni alikuwa amefika ukingoni mwa barabara. Anasubiri lori lipite.

"*Niwedi*," Davis alisema.

Nathanaeli akainua macho.

"Na *mzitu*," Davis aliendelea, na sasa alimtazama mkewe, si wao, "*mzitu* ni wetu. Sisi wawili. Tutautunza."

Hakuna ajuaye Nathanaeli alisikia nini katika majibu yale mawili yasiyoelekeana na swali. Alivaa miwani yake. Akamgeukia bwana wake.

"Ndiye," alisema.

Bakari alimtazama fundi wake kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

"Basi twende zetu, Mgosi. Utatuonyesha na hizo picha unazopiga."

Loyce akapiga hatua. "Baba Elinuru."

"Baki na duka," Davis alisema. "Mama Kassimu anataka kuandikiwa barua."

Alipita mlangoni, Bakari akiwa ameshatangulia garini na Nathanaeli akimfuata nyuma. Rubeni alikuwa anapandisha ngazi za baraza. Wakapishana bega kwa bega, karibu mno hata Davis akasikia harufu ya moshi wa kuni kwenye koti lile la kijani. Rubeni hakumjua. Davis alimjua, na akatazama chini.

Wakamketisha nyuma, Nathanaeli ubavuni mwake, Bakari mbele kwa dereva. Injini ikawaka. Davis aliahidi nafsi yake kutogeuka, akageuka.

Alimwona Loyce mlangoni. Akamwona akimshika Rubeni mkono, akimvuta ndani. Akauona mlango ukifungwa, na kile kibao kikigeuzwa upande wa *Tumefunga*.

Amejitoa kafara, na malipo yake ni mlango huo.

Gari liliteremka taratibu, likalipita soko. Nathanaeli alikuwa ameifungua kompyuta yake mapajani, waya umechomekwa kwenye simu. Ghafla kikalia kitu ndani yake, kimlio chembamba, mara moja.

Fundi akainama. Akasoma. Akajaribu kukigeuza kioo upande wake, lakini Davis alikuwa ameshaiona namba ile ndefu yenye nukta, na mbele yake saa: saa saba na dakika tisa.

Bakari aligeuka kitini, bila haraka.

"Nini hicho?"

Nathanaeli akaifunga kompyuta nusu.

"Nimekuuliza, Nathanaeli."

"Ule ukurasa, mzee," alisema mwishowe, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Umefunguliwa tena. Sasa hivi. Kutoka dukani."

Bakari Mbao akamtazama fundi wake. Akamtazama Davis, kuanzia viatu hadi uso, na Davis akajua: Loyce hangeugusa ukurasa ule ila kwa makusudi, kuwaonyesha kwamba Mgosi bado yuko dukani.

"Dereva," alisema, kwa ile sauti yake ya kuuliza hali za watoto, "geuza gari."